Risala ya Wachezaji, Wazazi na Wenye Vibanda vya Gemu wa Kibera na Kawangware Kuhusu Mauzo ya Msimu wa Krismasi

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Uwekezaji, Biashara na Viwanda;
Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi;
Waheshimiwa Wabunge wa Kibra na Dagoretti Kaskazini;
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya;
Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wakazi wa Kibera na Kawangware tunaocheza gemu, tunaowanunulia watoto wetu mashine za gemu, na tunaopata riziki katika vibanda vya gemu, tunaileta mbele yenu risala hii. Tunatumia haki tuliyopewa na Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachomruhusu kila mtu kuwasilisha malalamiko yake kwa wenye mamlaka kwa njia ya amani. Tunasimama pia juu ya Kifungu cha 46, kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, kupewa maelezo ya kumwezesha kuitumia ipasavyo, kulindwa afya yake na mali yake, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa.

Tunajua yupo atakayeuliza kwa nini watu wanaopanga foleni ya maji wawaandikie wakubwa kuhusu michezo. Waheshimiwa, fedha inayonunua mashine hizi ni ya kibarua cha Industrial Area, ya kufua nguo za watu Lavington na Kileleshwa, ya kuuza mboga Stage Congo na viatu vya mitumba soko la Toi. Ikipotea hairudi. Tena mzazi hanunui gemu kwa anasa. Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, watoto hukaa nyumbani wiki nyingi, na viwanja vya kuchezea ni vichache mno kwa wingi wa watu wetu. Uwanja wa Kamukunji hapa Kibera hauwezi kuwabeba watoto wa Laini Saba, Lindi, Silanga na Gatwekera kwa pamoja, na Kawangware hali ni ngumu zaidi. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri anataka mtoto akae mahali anapopajua.

Ndiyo sababu gemu za kuchezwa kwa mwili zilitugusa kuliko gemu nyingine zote. Hizi ni zile ambazo mchezaji habonyezi vitufe tu. Hupunga mkono, huruka, huinama, na mashine huona anavyosogea. Nintendo ilitoa Wii Novemba 2006, Sony ikatoa Move Septemba 2010, na Microsoft ikafuata na Kinect ya mashine zake za Xbox Novemba mwaka huo huo. Kwetu zilifika kwa kuchelewa, nyingi zikiwa zimeshatumika Ulaya na Marekani, na bado zinauzwa kila mwezi wa Desemba zikiwa zimefungwa kwa karatasi za kung'aa. Hatuzichukii. Wengine wetu tumewaona nyanya zetu wakirusha mpira wa boling kwenye Wii Sports na kucheka mpaka machozi, na hakuna aliyewahi kuwaona wakishika pad ya kawaida ya vitufe. Vijana wetu wengi, kweli, hupendelea pad na mpira wa miguu, na mwenye kibanda anayelipisha shilingi ishirini kwa mechi hawezi kutoa nafasi ya wachezaji wanne kwa mtu mmoja anayerukaruka. Lakini mzazi anayetaka mtoto atoke jasho akiwa ndani ya nyumba ana haki ya kuzitamani. Malalamiko yetu ni juu ya namna tunavyouziwa.

1. Tunauziwa vitu visivyoweza kufanya kazi katika nyumba zetu, na muuzaji anajua. Kinect humtaka mchezaji mmoja asimame karibu mita 1.8 mbele yake, na wakiwa wawili warudi nyuma kama mita 2.4, na katikati pasiwe na kitu. Nyumba ya wengi wetu ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita tatu kila upande. Ndani yake mna kitanda, pazia, kochi, meza ya runinga, mtungi wa maji, jiko, na sanduku la nguo za shule. Ukishaweka hivyo vyote, sehemu ya sakafu iliyobaki haimtoshi mtu kunyoosha miguu. Jirani yetu mmoja wa Gatwekera aliweka akiba mwaka mzima kuwanunulia wanawe mashine hiyo. Siku ya Krismasi walitoa kochi nje, wakasimamisha kitanda ukutani, na bado mashine ikawa inawaambia warudi nyuma. Nyuma palikuwa na mabati ya jirani. Watoto walicheza zamu mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye mtaro, mpaka mvua iliponyesha. Duka alilonunua lilikuwa limeionyesha mashine ile katika ukumbi mpana wenye zulia, kijana wa duka akicheza densi mbele ya watu, na hakuna aliyemuuliza mama yule anaishi katika chumba cha ukubwa gani.

Wii nayo ina shida yake, ingawa haihitaji nafasi kubwa kiasi hicho. Rimoti yake hujielekeza kwa mwanga usioonekana kwa macho, unaotoka kwenye kijiti kinachowekwa juu au chini ya runinga. Jua linalopenya kwenye matundu ya mabati huivuruga. Jiko la makaa likiwa karibu na runinga huivuruga vilevile, kwa sababu makaa hutoa mwanga wa aina hiyo hiyo. Katika chumba ambamo jiko na runinga vimetenganishwa kwa hatua mbili, mshale kwenye kioo hurukaruka kama panzi. Mzazi hudhani mashine ni mbovu, humpelekea fundi, na fundi hutoza fedha za kufungua kitu kizima.

Tunaomba Mamlaka ya Ushindani ilazimishe kila anayeuza gemu za kuchezwa kwa mwili abandike tangazo la Kiswahili, herufi kubwa, penye bei: inahitaji nafasi ya mita ngapi kwa mtu mmoja na kwa wawili, na mambo gani ya mwanga na joto huizuia. Maelezo haya yapo tayari katika vijitabu vya watengenezaji. Tunachoomba ni yasomwe na mnunuzi kabla ya kulipa, wala yasibaki chini ya boksi kwa lugha za kigeni.

2. Tunauziwa nusu ya kitu kwa jina la kitu kizima. Fimbo ya Move yenye mpira unaowaka juu yake haifanyi kazi bila kamera, kwa sababu kamera ndiyo inayoufuata mpira ule. Msimu wa sikukuu fimbo huuzwa peke yake kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi hugundua nyumbani kwamba kamera inauzwa kando. Kinect ya Xbox 360 haichomeki kwenye Xbox One. Ile ya Xbox One haichomeki moja kwa moja kwenye Xbox One S wala One X, ila kwa adapta ambayo Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kwamba imeacha kuitengeneza. Na Xbox Series hazipokei Kinect ya aina yoyote. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect yenyewe mwaka 2017. Hata hivyo tumeshuhudia ikiuzwa hapa mjini kama bidhaa iliyotoka jana, na mteja akiambiwa kwamba inaingia kwenye Xbox zote.

Tunaomba muuzaji alazimike kutaja kwa maandishi mashine ambazo kifaa chake kinafanya kazi nazo, vifaa vingine vinavyohitajika pamoja na jumla ya bei yake, na kama mtengenezaji ameshaacha kukitengeneza. Kanuni hii moja ingeokoa fedha nyingi kuliko zote tunazoziomba humu.

3. Tunaletewa mashine za nchi nyingine bila kuelezwa tofauti zake. Stima yetu ni volti 240. Wii iliyotengenezewa Marekani ina adapta ya volti 120 tu. Ukiichomeka ukutani hapa, inaungua, na katika ploti ambayo nyaya zimetandazwa kutoka nyumba hadi nyumba, adapta inayoungua ni hatari ya moto kwa familia zote. Hatuhitaji kuwakumbusha, Waheshimiwa, moto wa stima umetuchomea nyumba ngapi. Zaidi ya hilo, Wii ya Ulaya hukataa diski za Marekani, na ya Marekani hukataa za Ulaya. Mtoto huletewa diski mpya siku ya sikukuu, akaiingiza kwenye mashine, na mashine ikaikataa. Muuzaji akiulizwa husema tu kwamba ni ex-UK, yaani imetumika Uingereza, kana kwamba jina hilo ni cheti cha ubora.

Tunaomba KEBS ikague mashine za gemu zilizotumika zinazoingia nchini kama inavyokagua bidhaa nyingine za umeme, izuie kabisa adapta zisizofaa volti zetu, na iagize kila boksi liandikwe ni la soko gani.

4. Bei za sikukuu hazisemi kweli. Hili ndilo linalotuuma zaidi, na tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa urefu.

Black Friday ni desturi ya Marekani, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya shukrani mwezi Novemba. Jijini Nairobi ilishika kasi katika muongo uliopita pamoja na biashara ya mtandaoni, na sasa si Ijumaa moja tena, ni mwezi mzima. Inakutana na jambo la kwetu ambalo wauzaji wanalielewa vizuri: Desemba ndipo vyama vyetu vinapogawana akiba. Akina mama wanaochanga kila wiki kuanzia Januari hupokea fungu lao wiki chache kabla ya Krismasi, wakiwa na karo ya Januari mbele yao na watoto wakiwa nyumbani. Katika wiki hizo hizo simu zetu hujaa jumbe za ofa, vipaza sauti hulia mitaani, na mabango ya nusu bei huning'inia kuanzia Luthuli Avenue hadi Kawangware.

Tumelinganisha bei wenyewe, kwa kuwa vijana wetu hupita mbele ya maduka hayo kila siku wakienda kazini. Mashine iliyokuwa na bei fulani mwezi wa Septemba hupandishwa Oktoba, kisha Novemba hukatwa mstari mwekundu na kurudishwa pale pale ilipokuwa, ikiitwa ofa. Mara nyingine hubaki juu ya bei ya Septemba. Katika simu huandikwa zimebaki tatu tu, na saa ya kuhesabu nyuma huwekwa ili mtu asipate muda wa kumuuliza mwenzake. Saa ikiisha huanza upya. Na mashine ya kawaida, ambayo ndiyo mtu aliyoijia, husemwa kwamba imeisha. Iliyobaki ni ile iliyofungwa pamoja na kifaa cha kuchezea kwa mwili na diski mbili zisizotakiwa na mtu, kwa elfu kadhaa zaidi. Hivyo ndivyo vifaa vilivyokaa stoo kwa miaka vinavyofika katika vyumba vya futi kumi kwa kumi. Watu hawavichagui, hulazimika kuvichukua ili wapate kile walichokitaka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bei, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba zilizopo zifike Kibera na Kawangware. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Tunaiomba Mamlaka ya Ushindani itoe mwongozo kama huo kabla ya msimu ujao, itume maafisa wake waandike bei madukani na mitandaoni kuanzia Septemba, na itangaze hadharani matokeo ya waliyoyakuta. Tunaomba pia muuzaji asiruhusiwe kuficha mashine ya kawaida ili auze iliyofungashwa na vingine.

5. Kuna lipa mdogo mdogo. Asiyekuwa na fedha taslimu huambiwa atoe amana, kisha alipe kila siku au kila wiki kwa simu. Huelezwa kiasi cha kila siku, kwa sababu ni kidogo na hakitishi masikioni, lakini jumla haitajwi. Tumewasaidia wenzetu kufanya hesabu na kukuta mtu atalipa karibu mara mbili ya bei ya taslimu, kwa kifaa ambacho mtoto ameshakiacha kufikia Februari. Akichelewa, hunyang'anywa na alicholipa hakirudi. Tunaomba jumla ya fedha zote za mkopo wa aina hii itajwe kwa shilingi, kwa Kiswahili, kabla ya sahihi kutiwa, na Waziri azungumze na Benki Kuu ili wakopeshaji hawa wasiachwe nje ya usimamizi.

6. Kadi za zawadi za kununulia gemu mtandaoni huuzwa sana wiki ya Krismasi bila kutajwa ni za nchi gani. Duka la mtandaoni la PlayStation, mashine ya Sony, halijafunguliwa rasmi kwa Kenya, kwa hivyo vijana wetu hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na akaunti ikishafunguliwa nchi yake haibadilishwi. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Ikishakwanguliwa, muuzaji haipokei tena. Tunaomba nchi ya kadi iandikwe mahali panapoonekana na mnunuzi aulizwe kabla ya kuuziwa.

7. Baada ya sikukuu hakuna pa kurudisha. Risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kana kwamba maneno ya mhuri yana nguvu kuliko Katiba. Kibanda kilichouza Desemba 22, Januari 5 kina muuza viatu. Muuzaji wa mtandaoni hubadilisha namba. Mwenye kibanda cha gemu aliyenunua pad nne kwa ajili ya likizo, mbili zikaanza kusogeza mchezo zenyewe kabla ya mwaka mpya, huwaambia wateja wasubiri zamu, na siku moja ya kusubiri kwake ni siku ya njaa.

Hatusemi haya kwa kukata tamaa, kwa maana tunajua inawezekana. Desemba 2006, majuma machache baada ya Wii kutoka, watu walilalamika kwamba kamba ya kushikia rimoti mkononi inakatika na rimoti inarukia runinga. Nintendo ilitoa kamba nene zaidi bila malipo kwa wenye kamba zaidi ya milioni 3. Wanunuzi wale walisikilizwa kwa sababu walikuwa na ofisi ya kuwasikiliza. Sisi ofisi hizo tunazo, ila ziko mbali nasi. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani mwaka 2021 na hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, lakini waliopoteza elfu kumi na mbili Kawangware wengi hawajawahi kuisikia, na nauli na siku ya kazi huwatisha kabla hawajafika.

Kwa hivyo tunaomba mambo manne. Afisa wa Mamlaka ya Ushindani akae Huduma Centre ya Kibra siku maalum kila wiki, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari, na siku nyingine akae katika ofisi ya chifu Kawangware. Bidhaa yoyote ya umeme iliyouzwa Desemba iweze kurudishwa ikiwa na kasoro, au ikiwa haiwezi kufanya kazi kama ilivyotangazwa, hadi mwisho wa Januari. Risiti iwe na jina la mwenye duka, mahali lilipo na namba ya leseni yake ya biashara ya kaunti. Na hapa tunamwomba Mheshimiwa Gavana asitoe leseni ya msimu kwa asiyetoa risiti hiyo. Na Waheshimiwa Wabunge, katika baraza zenu za mtaani, mtutengee muda wa kuelezwa njia ya kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, kwa lugha tunayoielewa.

Waheshimiwa, tumevumilia. Wapo waliotuambia tuvunje vioo vya maduka, na wapo waliosema tupige picha za wauzaji tuziweke mitandaoni. Tumewakatalia wote. Wauzaji hao wengi ni majirani zetu, wamekopa ili waweke mali, na wengine wao wameuziwa vitu hivyo kwa udanganyifu ule ule walioutumia kwetu. Wakipewa kanuni iliyo wazi watauza kwa kanuni hiyo. Wenye maduka watatu tuliowasomea rasimu ya risala hii wamekubali kubandika vipimo vya nafasi milangoni mwao hata kabla ya kuagizwa, na tuko tayari kuwaonyesha maafisa wenu maduka hayo.

Tunaomba kupewa siku ya kukutana nanyi, pamoja na wawakilishi wa wauzaji, kabla ya mwisho wa Septemba, ili mwongozo wa bei uwe umetoka mapema, kabla vyama vyetu havijaanza kugawana. Tutaleta risiti, maboksi na vifaa vyenyewe tulivyo navyo, ili mvione kwa macho yenu. Majibu ya maandishi tunaomba yapelekwe kwa machifu wa maeneo yetu, nasi tutayasoma mbele ya wakazi siku ya baraza.

Sisi wenu watiifu,
Wachezaji, wazazi na wenye vibanda vya gemu,
Kibera na Kawangware, Nairobi.